Umeniuliza kuhusu mjomba wako

Mwanangu,

Salamu kutoka Newala. Hatujambo. Palizi ya mikorosho imekwisha, sasa tunangoja kupulizia salfa. Juzi uliniuliza mbona mjomba wako, mwenye ekari tatu tu, ana furaha kuliko wewe unayepokea mshahara kila mwezi. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu salio lingekatika katikati ya neno.

Usidhani hana shida. Bei iliposhuka mnadani alikunja uso kama sisi sote. Ila hakuzunguka kijijini kuuliza nani kauza kilo ngapi. Alilipa deni la pembejeo, akaenda zake kucheza bao. Na bao lenyewe hajui! Watani wanamzomea, kesho yupo tena.

Utajiri wake ni watu. Ukiuguliwa, atakuja leo, na kesho atarudi kuuliza mgonjwa kalalaje. Naye akikwama anaomba, haoni haya. Wewe nakujua, bora ulale njaa kuliko kumgongea jirani.

Mimi mwalimu mstaafu sikosi cha kusoma. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walioanza mwaka 1938 kuwafuatilia vijana wa kiume, wengine wasomi wa chuo hicho, wengine wa mitaa ya watu maskini ya Boston, hadi uzeeni. Wakakuta kinachowatabiria watu afya na furaha ya uzeeni, kuliko fedha au umaarufu, ni kupatana na watu wao wa karibu. Nilipomsomea mjomba wako akauliza, "Miaka yote hiyo kwa hilo tu?"

Sisemi fedha si kitu. Ada hailipwi kwa kicheko. Tena yeye kazaliwa na moyo mwepesi, na hilo huwezi kujifunza. La kujifunza ni namna anavyomaliza ugomvi. Tulipogombania mpaka wa shamba alilotuachia bibi yako, alinitolea maneno mazito mchana kweupe. Jioni kaja na ming'oko, vile viazi vya porini, tukala bila kuutaja mpaka. Asubuhi tukaupima upya, naye akanibishia kila hatua.

Wewe na dada yako mmenuniana tangu Idi. Amehamia Masasi, namba yake mpya nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Baada ya Isha huwa nyumbani.

Mama yako