Kufyeka mikoko ya Rufiji: je, ni kuhuisha ardhi iliyokufa?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mkulima wa mpunga katika delta ya Rufiji. Wazee wetu walitufundisha kuwa mwenye kufyeka pori ndiye mwenyewe, na nimesikia kuwa Mtume (S.A.W.) amesema mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo ni yake. Shamba langu limechoka, nami nataka kubambua maganda ya mikoko iliyo jirani ili ikauke, nipate shamba jipya. Watu wa misitu wanakataza. Je, nina kosa mbele ya Mwenyezi Mungu?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Hadithi uliyoitaja imepokewa na Abu Daudi na Tirmidhi, na wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu yetu watu wa mwambao, wamesema kuwa mwenye kuhuisha halazimiki kupata kwanza idhini ya mtawala, tofauti na alivyoona Imamu Abu Hanifa. Hata hivyo, hukumu yote imebebwa na neno moja, nalo ni "iliyokufa". Ardhi mfu kwa istilahi ya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ni ile isiyo na mwenyewe na ambayo manufaa ya watu hayakufungamana nayo; ndiyo maana wanavyuoni hao hao wamezuia kumiliki kwa kuhuisha kingo za mto na eneo linalozunguka kisima, ijapokuwa hapana jembe lililopita hapo.

Sahaba Abyadh bin Hammal alimwendea Mtume (S.A.W.) akaomba apewe machimbo ya chumvi ya Maarib, huko Yemen, naye akampa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwapo barazani alieleza kuwa alichopewa ni mfano wa maji yasiyokatika, yaani kitu ambacho kila mtu hukiendea na kuchota bila ya kukitolea jasho. Mtume (S.A.W.) akakichukua tena kutoka kwake. Kutokana na kisa hiki mafakihi walijenga kanuni kwamba neema iliyo dhahiri, inayotegemewa na umma, haiwi mali ya mtu mmoja.

Sasa tuitazame mikoko. Nakiri kwamba nilipokuwa mwanafunzi niliyaona matope yale kuwa ni makao ya mbu tu, na pengine wengi wetu tunaona hivyo hadi leo. Lakini kamba hutaga baharini, na vifaranga wao husukumwa na maji hadi ndani ya mizizi ya mikoko, ambako hujificha na kula mpaka wapate nguvu za kurudi baharini. Mizizi hiyo hiyo hunasa tope la mto kabla halijafika kwenye matumbawe ya Mafia, na huvunja nguvu ya mawimbi yanayokula fukwe. Delta yenu inabeba karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Basi anayebambua mchu au mkandaa, ambayo ni miti ya jamii ya mikoko, anaikata riziki ya mvuvi ambaye huenda hajawahi kumwona, na Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara. Ardhi hiyo i hai, kwa hiyo hadithi ya kuhuisha haikuhusu.

Tena wewe mwenyewe umeshuhudia kwamba shamba la kwanza limechoka. Udongo wa mikoko ukikaushwa hugeuka kuwa mchungu kwa tindikali, magugu na kaa huzidi, na baada ya miaka michache mkulima huhamia kipande kingine. Hapo ndipo aya ya 56 ya Suratul-Aaraf inapotugusa, inayokataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake.

Njaa ya watoto wako siidharau, na hapa nina neno kwa wanaokataza pia. Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka Hunayy kusimamia malisho yaliyohifadhiwa, alimwagiza awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya masahaba matajiri Ibn Auf na Ibn Affan, kwa sababu hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea. Msimamizi anayeliangusha dungu, yaani kibanda cha shambani, la maskini huku akifumba macho majahazi yanapopakia boriti za mfanyabiashara amekwenda kinyume cha mwongozo huo.

Kwa upande wako, usifyeke kipande kipya. Mpunga uliosimama uvune, ni halali yako. Shamba lililochoka liache maji ya bahari yalirudie, na ukiweza, chomeka humo mbegu za mkoko zinazoelea wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Mwislamu akipanda mti, kila atakachokila humo mtu, ndege au mnyama huandikiwa sadaka. Na sioni sababu ya kumtoa kamba katika hesabu hiyo.

Wallahu aalam.