Upekuzi Sambamba katika Programu ya Sataranji: Subiri Kwanza
Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza iwapo programu yako ya sataranji, ambayo kwa sasa hupekua (yaani hutafuta hatua bora) kwa uzi mmoja, yaani mfululizo mmoja wa kazi, itumie viini vyote vinne vya kichakataji cha kompyuta yako, kila kimoja na uzi wake. Kwa maoni yangu, bado.

Upekuzi wa alfa-beta, njia ya kutafuta hatua bora bila kupima kila uwezekano, hupata nguvu kwa kukata matawi, yaani kuacha mifuatano ya hatua isiyoweza kubadili uamuzi, na tawi hukatwa kwa sababu hatua iliyotangulia imekwisha kupimwa. Ukituma nyuzi nne kwa pamoja, baadhi zitapima matawi ambayo yangekatwa, hivyo kasi haiongezeki mara nne. Tazama kwanza mpangilio wa hatua, yaani ipi hupimwa kabla ya ipi: ikiwa programu hupima kusogeza askari wa pembeni kabla ya kumla malkia asiyelindwa, dosari hiyo itakugharimu zaidi ya ukosefu wa viini.

Ukishairekebisha, anza na Lazy SMP, njia ya upekuzi sambamba ambayo Stockfish, programu maarufu ya sataranji, iliihamia mwaka 2016 katika toleo la 7: nyuzi zote hupekua nafasi ileile, zikishirikiana kupitia jedwali la hashi, yaani kumbukumbu ya nafasi zilizokwisha kupimwa. Mimi, hapa Kampala, niliivamia pasipo subira, nikapoteza wiki tatu nikisaka hitilafu iliyojitokeza kwa nadra, kumbe uzi mmoja ulikuwa ukisoma ingizo la jedwali ambalo mwenzake ameliandika nusu. Kwa hiyo, hakikisha kwamba hatua yoyote itokayo kwenye jedwali ni halali kabla ya kuicheza, na usiuondoe uwezo wa kurudi kwenye uzi mmoja, kwani huko ndiko hitilafu hurudiwa vilevile na kukamatika.