Bad Ems kwa siku moja, peke yako

Tangu niseme kwamba nilikwenda Bad Ems, mji mdogo wa Ujerumani wenye chemchemi za tiba na mabwawa ya kuoga, asubuhi na kurudi jioni, bila mume wala shoga, maswali yamemiminika. Nayajibu machache.

Dada, kwa nini Bad Ems na siyo Baden-Baden inayojulikana na kila mtu? (Msomaji, Köln)

Kwa sababu una siku moja tu. Baden-Baden stesheni iko mbali na mji, ukishuka treni unaanza kutafuta basi. Bad Ems unashuka, unatembea hatua chache, na mto Lahn huo mbele yako. Wala hupunjiki: mwaka 2021 UNESCO iliiweka miji hiyo yote miwili katika Urithi wa Dunia, kwenye kundi la miji 11 ya Ulaya iliyokua kwa sababu ya chemchemi za tiba.

Mimi mwanafunzi, niko Bonn, mfukoni hali si nzuri. Nauli je?

Kama unayo Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa kawaida Ujerumani nzima, huongezi hata senti. Panda treni za kawaida, RE au RB, hadi Koblenz, kisha ya bonde la Lahn, dakika kama 20. Treni za mwendo kasi, ICE na IC, usiziguse, tiketi hiyo haifanyi kazi humo. Ukitoka Bonn kaa upande wa kushoto uutazame Rhein. Hiyo ni nusu ya safari yenyewe.

Shikamoo dada. Nimesikia kule wanaoga uchi. Ni kweli? (Msomaji wa kike, Frankfurt)

Marahaba, mdogo wangu. Kwenye mabwawa, hapana: nguo ya kuogelea ni lazima. Kwenye sauna ndiyo, wake kwa waume, na taulo wanalikalia ili jasho lisidondokee ubao. Hakuna atakayekushangaa, wala hakuna atakayekulazimisha. Dirishani waambie unataka mabwawa tu. Mimi nimelelewa Tanga, nilikata tiketi ya mabwawa. Beba kandambili, taulo mbili na mafuta ya kujipaka, maana maji yale yana chumvi na ngozi hukauka.

Maji yenyewe yananyweka?

Yapo ya kunywa, maarufu ni ya chemchemi iitwayo Kränchen. Ni vuguvugu. Fikiria soda iliyoisha gesi kisha mtu akatumbukiza magadi, hutakuwa mbali. Watu wamekuwa wakiyafuata kwa ajili ya koo na kifua, na chumvi yake hutiwa kwenye vidonge vya kumung'unya vinavyouzwa katika maduka ya dawa Ujerumani nzima. Mwenye presha amwulize daktari wake kwanza. Mimi nilikunywa glasi moja, ya pili sikuitaka.

Nikishaoga nafanya nini hadi jioni? Makumbusho yananichosha.

Tembea kando ya mto, taratibu, ukitafuta jiwe dogo lililoandikwa tarehe 13 Julai 1870, saa 9:10 za asubuhi kwa saa zao, yaani saa tatu na dakika kumi kwetu. Asubuhi hiyo mfalme wa Prussia, Wilhelm wa Kwanza, alikuwa anapunga hewa hapo. Balozi wa Ufaransa, Benedetti, akamfuata akitaka aahidi kwamba ukoo wake hautadai tena kiti cha enzi cha Hispania. Mfalme akakataa. Habari ikapelekwa Berlin kwa simu ya maandishi; Bismarck, waziri mkuu wake, akaifupisha mpaka ikasomeka kama pande zote mbili zimetukanana, akaitoa magazetini. Siku sita baadaye Ufaransa ikatangaza vita, na vita hivyo ndivyo vilivyozaa Dola ya Ujerumani mwaka 1871.

Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mfalme huyo huyo Wilhelm, akiwa Kaisari, ndiye aliyetia saini hati ya ulinzi ya Februari 1885 iliyompa mkoloni wa Kijerumani Carl Peters na kampuni yake Usagara, Ukami, Nguru na Useguha, huko kwetu Tanzania. Bustanini wamemjengea sanamu, kavaa kiraia kama babu aliyekuja kuota jua.

Na si yeye tu. Mwaka 1876 mpwa wake, Tsar Alexander wa Pili wa Urusi, akiwa hapa kujitibu, alitia saini amri ya kupiga marufuku vitabu vya Kiukraini. Mtu anakunywa maji ya koo, huku anaziba midomo ya wenzake!

Si aibu kukaa mgahawani peke yako?

Aibu ya nini? Alasiri utawakuta bibi na babu, kila mmoja na meza yake na kipande cha keki. Wasalimie ukiingia, kaa. Ila bili hawaleti mpaka uombe: sema "zahlen, bitte", yaani naomba kulipa, la sivyo treni itakuacha.