Uliza Anti: Kwa nini yaya asisepe tu?

SWALI: Shikamoo Anti. Naandika riwaya ya kutisha ya zile za kizamani, iko Uingereza miaka ya 1860, binti kapata kazi za ndani kwenye jumba kubwa kijijini, kumbe familia ina mambo yake, usiku inasikika miguu koridoni na kuna chumba hakifunguliwi. Nimewasomea wenzangu wakacheka, eti huyo dada angeshabeba begi lake siku ya pili. Nikaongeza mzimu, bado wanasema haitishi. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako wana hoja, ila mzimu hapo hausaidii maana walichokuuliza ni habari ya kazi. Enzi hizo Uingereza dada wa ndani asiye na barua ya bosi wa zamani ya kumsifia tabia alikuwa hapokelewi nyumba yoyote ya maana, na sheria haikumlazimisha bosi kuiandika. Sasa anasepa aende wapi, na kitanda ni cha bosi, chakula cha bosi, na barua nayo iko mkononi mwa bosi? Hilo liweke sura ya kwanza kabisa, tena kabla hatujasikia hiyo miguu.

Halafu kasome kesi ya mauaji ya Road Hill House, jumba la kule Wiltshire, Uingereza, ni ya kweli na ni ya miaka hiyohiyo yako. Mzee Samuel Kent mke wake wa kwanza alisemekana ana matatizo ya akili, na akiwa bado hai aliyekuwa anaendesha nyumba ni mwalimu wa watoto aliyeajiriwa, mama akafariki, mzee akamuoa mwalimu (hapo tu unaona nyumba imeshavurugika). Usiku wa tarehe 29 Juni 1860 mtoto wao mdogo wa kiume, hajafika hata miaka minne, akatoweka kitandani, akaja kukutwa ameuawa kwenye choo cha nje.

Yaya, Elizabeth Gough, alikuwa analala chumba kimoja na huyo mtoto. Alisema aliamka kama saa 11 alfajiri akaona kitanda kitupu, akajua mama yake kamchukua, akalala tena. Basi! Sentensi hiyo moja ikachangia akamatwe mara mbili, na mtaani wakaongeza yao kwamba alikuwa na baba mwenye nyumba mtoto akaamka akawaona. Yani kosa lake ni kufikiri kama yaya yeyote angefikiri.

Na mwingine ni Sarah Cox, wa usafi. Anapanga nguo za kwenda kwa dobi, Constance, binti wa miaka 16 wa yule mke wa kwanza, anakuja anamwomba akamletee glasi ya maji. Anaenda, anarudi. Baadae dobi anasema gauni moja la kulalia la Constance halimo, na Cox ana uhakika alilihesabu. Mpelelezi wa Scotland Yard (polisi wa London), Whicher, akaijenga kesi nzima kwenye hilo gauni, kwamba binti alilichomoa Cox alipofuata maji, akaonekana kituko, binti akaachiwa, mpaka 1865 alipokiri mwenyewe.

Sasa umeona taharuki inatoka wapi? Kutumwa maji ni kazi ya kila siku, dada hawezi kukataa wala kuuliza kwa nini, na akija kusema alichokiona, neno lake ni la mfanyakazi dhidi ya binti wa nyumba. Kwa hiyo mzimu futa, hicho chumba kisichofunguliwa ukitaka kibakize lakini mpe yeye kazi ya kupeleka sinia mlangoni kila jioni na kulirudisha asubuhi likiwa limeliwa. Na wafanyakazi usijaze kumi, pale Road Hill waliokuwa wanalala ndani ni watatu tu, yaya, mpishi na wa usafi, kwa hiyo kila kitu kikipotea wa kuulizwa wanajulikana.