Unautaka ujaji Marekani? Anza na wakili wa upande wa pili

Mpwa wangu anasoma sheria hapa Marekani, mwaka wa pili. Juzi kanipigia: "Anko, ujaji wa shirikisho mtu anauombaje?"

"Fomu ipo, baba," nikamjibu, "ila majibu yake unayaandika tangu sasa."

Mimi nilikuwa msaidizi wa kisheria wa jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho kwa miaka miwili. Mkisikia "wilaya" msidhani ni ile ya nyumbani Tanzania yenye hakimu. Hizi ziko 94 nchi nzima, na ndimo kesi za shirikisho zinamoanzia kusikilizwa. Jaji wake huteuliwa na Rais, Seneti ikamthibitisha, na akishakalia kiti hana mkataba wa kuisha. Katiba haitaji umri wala shahada.

Njia ni nyingi. Sonia Sotomayor, leo jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alianza na kuendesha mashtaka Manhattan, akahamia kampuni ya mawakili, 1992 akaapishwa kuwa jaji wa wilaya New York. Ketanji Brown Jackson, naye leo wa Mahakama ya Juu, aliwahi kutetea washtakiwa wasio na uwezo. Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho, mwaka 1966, alitokea kwenye kesi za haki za kiraia.

Sasa hiyo fomu. Bosi wangu alinionyesha nakala ya dodoso alilojaza kwa ajili ya Kamati ya Sheria ya Seneti, ile inayowachunguza walioteuliwa. Limenenepa kama Biblia. Wanataka kila ulichochapisha na kila hotuba uliyotoa, kwa hiyo weka kumbukumbu mapema. Halafu wanataka kesi zako 10 kubwa, na kwa kila moja jina na simu ya wakili aliyepingana nawe. Watu hao hupigiwa kweli.

Hapo ndipo ninapokumbuka ujinga wangu. Mwaka wangu wa kwanza wa uwakili, mwenzangu wa upande wa pili aliniomba siku saba za nyongeza, mama yake kalazwa. Nikakataa, kwa ubishi tu. Akaenda kwa jaji, akapewa kumi na nne, nami nikatazamwa jicho ambalo sijalisahau. Kesi ile ndiyo kubwa kuliko zote nilizowahi kushika. Ningejaza dodoso leo, simu ya wakili yule ingekuwa ya kwanza.

Jingine: usihamehame majimbo. Maseneta wa jimbo lako hupelekewa karatasi ya buluu ya kusema wanakukubali au la, na asiyeirudisha anaweza kukwamisha uteuzi wako wote. Wengi wao wana kamati za kuchuja majina. Wajumbe ni mawakili wa hapo hapo, wanaokujua au hawakujui.

Mpwa wangu akaguna, "Kwa hiyo ni siasa?" Kiasi chake, ndiyo. Asiyeziweza aangalie majaji wasaidizi (magistrate judges) wa mahakama hizo hizo: wanachaguliwa na majaji wenyewe, kwa vipindi vya miaka 8, na sharti ni angalau miaka 5 ya uwakili. Nafasi ikitokea, hutangazwa, unatuma maombi kama kazi nyingine.