Re: LUKU na bili ya maji zinatumaliza shule ya bweni, tuanzie wapi?

Pole sana mwalimu, hayo yalitukuta na sisi. Kabla hujafikiria sola wala nini, anza na mita ya maji. Usiku wanafunzi wakishalala soma namba, halafu uisome tena alfajiri kabla hawajaamka, kama imetembea na hamna tenki linalojaa basi kuna bomba linavuja au choo kinachirizika, sisi ilikuwa floti ya tenki tu (lile boya linalofunga maji tenki likijaa), kitu cha bei ndogo kabisa na tulishalipia miezi!

Umeme sasa. Umesema mna tyubu 60 za wati 36 na zinawaka kama masaa 5, ukiweka LED za wati 18 unaokoa karibu yuniti 5.4 kwa siku, mwezi mzima ni kama 162, na hapo balasti (kile kifaa cha kwenye taa ya tyubu, nacho kinakula umeme) sijaihesabu. Ila badilisha tyubu kidogo kidogo kila zinapoungua, usikope. Pasi na hita za kuchemshia maji bwenini ndo wezi wenyewe, hita moja ya wati 1000 inakula kama LED 55, matroni akague.