Waulize tukujibu: Dirisha la aliyezama

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa Malindi, huku Shella karibu na lile kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu, mi namuita mwanangu maana nimemlea, alizama nje ya mwamba, na ilikuwa kaskazi bahari shwari kabisa, tukampata siku ya tatu. Sasa kanisani kwetu (sio hilo la Wareno, hili letu la juzijuzi) tumechanga pesa tuweke dirisha la vioo vya rangi kwa ukumbusho wake, lakini wazee kadhaa wanasema hayo ni mambo ya Wazungu, na hata kanisa la Wareno na ukongwe wake wote halina pambo kama hilo. Binti yangu akanionyesha kwa simu picha ya kanisa la kijijini Uingereza, dirisha lote bluu, akaniambia ni la msichana aliyezama. Ni kweli? Na sisi tuanzie wapi?
Mama Mdogo, Malindi

JIBU: Mama Mdogo pole, pole sana. Kumzika uliyemlea ni jambo zito.

Ndio, ni kweli. Kijiji kinaitwa Tudeley, kiko Kent, na hilo ni kanisa la Watakatifu Wote. Msichana alikuwa Sarah d'Avigdor-Goldsmid, miaka 21, alikufa mwaka 1963 mashua ya tanga ilipopata ajali. Mama yake alikuwa Mwanglikana, baba yake Myahudi. Miaka miwili nyuma Sarah alikuwa ameona Paris vioo vya mchoraji Marc Chagall, akavipenda mno, kwa hivo wazazi wakaenda kwa Chagall huyohuyo, naye pia Myahudi, mzaliwa wa Vitebsk huko Belarus, wakamuomba dirisha moja tu. Likawekwa 1967, mzee ana miaka 80, akaja mwenyewe akaliona mahali pake, akasema basi nitawafanyia yote! Na kweli, madirisha yote 12 ya kanisa lile ni yake, ya mwisho yaliwekwa 1985, mwaka aliofariki.

Hebu irudie ile picha uitazame vizuri. Chini kabisa binti amelala ndani ya mawimbi, kuna wanaomlilia, kuna farasi mwekundu, kuna ngazi inapanda juu mpaka kwa Kristo msalabani. Kinachonishika mimi ni kwamba bahari haikufichwa. Wangeweza kuweka malaika na maua wakanyamaza, lakini waliiweka bahari yenyewe, iliyomchukua mtoto wao, na kila Jumapili wakaketi mbele yake. Mkiongea na mchoraji wenu mwambieni hilo kabla ya lolote.

Kuhusu wazee, nawaheshimu, ila hapo siko nao. Waulize kwa upole, ile minara ya makaburi hapo Malindi kando ya msikiti wa Juma ni ya nini? Na kaburi la mnara la Mambrui, lililopachikwa mabakuli ya Kichina yakang'aa juani, si watu wa pwani hii waliojenga kuwakumbuka wafu wao, na bakuli zikatoka ng'ambo ya bahari? Kuweka kitu kinachong'aa kwa ajili ya marehemu ni jambo letu tangu zamani. Na padri mmisionari Francis Xavier alipopita Malindi 1542 akielekea India, walimzika hapo mtu aliyefia melini, naye akaandika kuwa Waislamu wa mji walipendezwa kuona Wakristo wanavyozika wafu wao. Mji huu umezoea kutazama vile jirani anavyomuaga mtu wake.

Sasa kazi yenyewe. Rangi ya kioo haipakwi kama rangi ya ukuta, inaingia humo kioo kikiwa bado kinayeyuka kwenye tanuri, bluu nzito inatokana na madini ya kobalti. Michoro myeusi, nyuso na vidole, ndo hupakwa juu alafu kioo kinachomwa tena mpaka vishikane. Vipande vinaunganishwa kwa madini ya risasi, vinapigwa lehemu kwenye maungio, puti inajazwa, alafu dirisha linafungwa kwa nondo. Hapo kwenye nondo nakuomba usikubali mchezo, chumvi ya bahari italila chuma la kawaida, na kutu linavimba, likivimba linapasua jiwe na kioo pamoja, kwa hivo dai stenlesi au shaba hata kama fundi anakwambia chuma ni bei rahisi. Na asijaze saruji palipo pa puti! Saruji ni ngumu, haisogei, siku risasi ikitaka kutanuka kwa joto kitakachopasuka ni kioo.

Jua letu pia si la Kent. Kioo cha rangi hafifu kitawaumiza watu macho, chukueni rangi zilizokolea, na kabla hamjalipa pelekeni kipande kanisani asubuhi saa za ibada mkishike pale ukutani muone. Kama ukuta wa mashariki uko wazi wekeni hapo. Kwenu jua linatoka baharini.

SWALI: Hivi ni kweli kioo kinatiririka polepole, ndo maana vioo vya makanisa ya kale ni vinene upande wa chini?
Msomaji, Lamu

JIBU: Hapana ndugu yangu, ingawa hata walimu hulisema. Zamani kioo cha dirisha kilipulizwa kikazungushwa mpaka kikawa duara bapa, na unene wake haukuwa sawa, basi fundi mara nyingi aliweka upande mnene chini. Vipo pia vilivyowekwa upande mnene juu, na vimekaa hivohivo karne nyingi bila kushuka. Kanisa kuu la Augsburg, Ujerumani, lina manabii wa vioo vya rangi wa karibu mwaka 1100, na sura zao mpaka leo ziko palepale.